Nilivyopunguza uzito wa nyaraka za skana ili zipite kwenye baruapepe

Waraka wa kurasa 20 ukirudishwa kwa kuwa mzito, mimi huangalia mpangilio wa rangi kwanza. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, una nukta 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi, kila nukta hula baiti 3, hivyo kabla ya kubanwa ukurasa mmoja hufika megabaiti 26. Kwa kijivu ni 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu, nukta 8 hukaa ndani ya baiti moja: megabaiti 1.1, na ukibanwa kwa Group 4, mbinu ya kubana picha za nyeusi na nyeupe, ukurasa wa maandishi hubaki na makumi ya kilobaiti tu.

Ndiyo maana nilizima uteuzi wa rangi wa otomatiki. Mhuri mmoja wa bluu, au karatasi iliyogeuka manjano, hutosha kuifanya skana ihesabu ukurasa mzima kuwa wa rangi. Barua na mikataba naiskani nyeusi na nyeupe, dpi 300. Kwa dpi 200 herufi ndogo hukatika. Penye picha, penseli au mihuri hafifu natumia kijivu, dpi 200. Dpi 600 siigusi: nukta huongezeka mara nne, si mbili, kwa sababu upana na urefu vyote vinakua.

Kikomo cha baruapepe cha megabaiti 25 nacho kinadanganya. Kiambatisho husafiri kwa Base64, njia ya kuandika faili kwa herufi za kawaida, ambayo hugeuza kila baiti 3 kuwa 4, kwa hiyo faili lenyewe lisizidi megabaiti 18 hivi. Kulifunga kwenye zip hakuleti nafuu, maana picha zilizo ndani ya PDF zimeshabanwa.

Penye tarakimu nakaa mbali na JBIG2, mbinu nyingine ya kubana picha za nyeusi na nyeupe, inapotumika kwa namna inayopoteza taarifa. Mwaka 2013 iligundulika kuwa baadhi ya mashine za ofisini zilikuwa zikibadilisha 6 kuwa 8, kwani ubanaji huo huchukua umbo moja na kulirudia popote panapofanana nalo. Kosa hilo halionekani kwa macho, kwa sababu tarakimu hutoka safi kabisa.

Faili likiwa limeshatoka zito na karatasi haipo tena, nalipitisha kwenye Ghostscript, programu ya kuchakata PDF, kwa mpangilio wa /ebook, unaoshusha picha hadi dpi 150. Kisha navuta karibu tarakimu ndogo kuliko zote. Zisiposomeka, narudi kwenye faili la awali na kuligawa katika baruapepe mbili.