Nilivyoanza Kupanga Safari Zangu kwa Kufuata Jukwaa

Bibi yangu alinipeleka Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma nje kidogo ya Mwanza, nikiwa na miaka tisa. Kutoka Igoma tulipanda gari la Kisesa, tukashuka, tukakipanda kilima kwa miguu, naye kajitwika kigoda chake kwa sababu alijua huko hakuna viti. Ilikuwa Juni, siku za Bulabo, sherehe zinazoendana na sikukuu ya Ekaristi. Mimi nilitegemea kukuta watu wamekaa kwa mistari kama shuleni siku ya mahafali. Nikakuta ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, kundi la Wagika upande huu, wapinzani wao Wagalu upande ule, na umati unahama huku na huku.

Nikauliza nani anatoa maksi. Bibi akasema, "Miguu yako, mjukuu wangu."

Ndivyo mashindano yale ya Kisukuma yalivyo: kundi linaloshinda ni lile lililovuta watu wengi. Ukichoka unavuka, na ukivuka umeshapiga kura. Kwa hiyo kila kundi linakuja na la kwake la kukushika. Manju, yaani kiongozi wa kuimba, ana maneno yake ya kuwachoma wenzake, wengine wanacheza na chatu, na wacheza bugobogobo, ngoma ya wakulima, wana majembe. Jembe moja lilirushwa juu mbele yangu, mpini ukazunguka, chuma kikang'aa juani, nikafumba macho. Nilipofumbua lilikuwa limeshadakwa, na kijana aliyelidaka alikuwa ananicheka. Alikuwa ameniona nikifumba. Katikati ya mamia ya watu, mchezaji alikuwa ameniona mimi.

Hicho ndicho nilichokikosa baadaye kwa miaka mingi. Niliolewa, nikazaa, nikafungua biashara ya nguo za watoto katika soko la Mlango Mmoja, na zaidi ya igizo la Krismasi kanisani sikutazama tena kitu cha jukwaani. Runinga tulikuwa nayo, na vichekesho vya kwenye simu havikukosekana. Lakini yule aliye kwenye simu hajui kama nimecheka au nimesinzia.

Siku moja nikaona tangazo la igizo katika ukumbi mmoja hapa mjini, saa kumi na mbili jioni. Nikafunga duka mapema, nikavaa vizuri, nikalipa kiingilio. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Igizo lilianza saa tatu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa karibu na spika, maneno yananifikia kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Hata hivyo hadithi ilinishika: binti kafukuzwa kwao usiku, kasimama mlangoni na ndoo yake ya nguo, hataki kubisha wala hataki kuondoka. Hapo ndipo nilipotazama saa. Ilikuwa inakaribia saa nne na nusu na daladala za Igoma zilikuwa zinaisha. Niliondoka. Mpaka leo sijui kama yule binti alifunguliwa.

Niliumia, nikasema sirudii tena kosa lile. Tangu hapo sinunui tiketi kabla sijapiga simu kuuliza wataanza kweli saa ngapi na watamaliza saa ngapi. Bodaboda wa kunirudisha naongea naye mapema, mtu ninayemfahamu, kabla sijaingia mlangoni. Na nakaa mbele. Kiti cha mbele kinatisha kidogo kwa sababu msanii anaweza kukushukia na kukuuliza jambo, lakini ndiko unakosikia pumzi zake.

Tatizo la Mwanza ni kwamba maonyesho ya jukwaani hayana ratiba ya kudumu. Hupiti wiki ukijua Ijumaa kuna igizo. Nikaanza kuangalia safari zangu za mzigo. Kila baada ya miezi miwili hivi naenda Kampala, soko la Owino, kufuata nguo. Miaka yote nilikuwa nafika Jumatatu asubuhi, nanunua mchana kutwa, nalala, narudi. Nikajiuliza: je, nikifika Jumapili? Gharama inayoongezeka ni usiku mmoja wa gesti na sahani mbili za chakula. Nikaweka kopo la maziwa chini ya meza ya duka, kila Jumamosi naingiza 2,000. Mume wangu alipouliza la nini nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi usisahau kunisimulia."

Safari ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, kwa hiyo tulikaa foleni ya kivuko nikiwa na wasiwasi mtupu. Tulifika Kampala mchana wa Jumapili. Nikaacha begi gesti, nikaoga, nikapanda bodaboda kwenda Ntinda, kituo cha Ndere.

Ndere ni filimbi kwa Kiganda. Kundi lenyewe lilianzishwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, na kazi yao ni kukusanya ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda na kuziweka kwenye jukwaa moja. Nilikuwa na hofu ya lugha, maana Kiganda changu ni cha kupatana bei tu. Hofu ile haikumaliza dakika kumi. Kabla ya kila ngoma msimulizi anaeleza imetoka wapi na inachezwa lini, kisha anatania watu wa kabila hilo, nao waliopo ukumbini wanamjibu kwa kelele. Nami nilitafsiriwa kidogo na dada niliyekaa naye, ambaye ndani ya saa moja tulikuwa tunaitana shoga.

Waganda wanacheza kwa kiuno. Juu mwili umetulia kama maji ya ziwa asubuhi, chini kiuno kinatetemeka na manyoya yaliyofungwa nyuma yanakuwa kama moto. Kwetu nguvu iko mabegani na kwenye mikono, ni ngoma za mtu anayejua kulima. Waacholi wakaja na vibuyu mikononi, wakivigonga vyote kwa pamoja. Kisha akatoka mama mmoja anacheza huku wenzake wanampandishia mitungi kichwani, mmoja juu ya mwingine. Nilihesabu hadi saba nikaacha kuhesabu. Alipiga magoti. Akainuka. Shingo yake ilikuwa inafanya kazi ndogondogo ambazo mtu wa nyuma asingeziona, kusahihisha huku, kusahihisha kule, na mshipa mmoja umesimama chini ya sikio. Safari hii sikufumba macho.

Jumatatu niliingia Owino nimelala saa tano tu, na nilinunua vizuri kuliko siku zote.

Bagamoyo nimekwenda mara moja, nikitokea Kariakoo. Chuo cha sanaa cha pale kilianza mwaka 1981, na tamasha lao mwaka uliofuata. Ukumbi wao wa zamani uliungua mwaka 2002, wakajenga mwingine, na ukiwa pale bahari iko karibu sana. Nilichobeba kutoka Bagamoyo ni kanga. Kulikuwa na igizo fupi, wasanii watatu, hawana meza, hawana nyumba ya kuchora, wana kanga moja tu. Ilianza kama mtoto mgongoni. Wakaikunjua ikawa mlango wa nyumba. Wakaisokota ikawa kamba ya ng'ombe. Mwishoni wakailaza sakafuni polepole, wakaivuta mpaka mwisho wake, na ukumbi mzima ukanyamaza kwa sababu kila mmoja alijua sasa imemfunika nani. Hakuna aliyetuambia. Pia hawakuwa na kipaza sauti, na nilisikia kila neno.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mume wangu kama tulivyopatana, lakini maneno hayakutosha, nikatoa kanga kabatini nikamwonyesha. Watoto wakaingia katikati. Wakataka kujaribu wao.

Desemba, shule zimefungwa, tukafanya uani. Watoto wa nyumba zetu nne ni kumi na mmoja. Nikawagawa makundi mawili, nikawapa kila kundi kanga mbili na siku nne za mazoezi, nikawakataza kushika simu na kuigiza vitu vya kwenye runinga. Hadithi watunge wenyewe kwa mambo ya hapa. Kundi la kwanza lilitunga habari za mvuvi aliyeficha sangara mkubwa asigawane na mwenzake wa mtumbwi. La pili likatunga msiba wa jogoo. Tukafunga shuka kwenye kamba ya nguo, fundi wa jirani akavuta waya wa taa hadi kwenye mwembe, na majirani wakaja na viti vyao.

Nikawatangazia sheria ya Bulabo: makundi yote mawili yanaanza pamoja, hili huku, lile kule, na anayependezwa na wenzao anahama na kiti chake. Wazazi wakasema watoto wataumia. Nikawaomba wajaribu tu.

Mama yangu alikaa mbele ya kundi la mvuvi kwa sababu mvuvi alikuwa mwanangu wa mwisho, mjukuu wake anayempenda kupita wote. Alikaa juu ya kile kigoda cha bibi. Mwanangu alianza vizuri, kisha akasahau, akaanza kutazama chini na kujikuna. Upande wa pili jogoo alikuwa amelazwa juu ya kanga na wajane wake wanne wanamlilia kwa zamu, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyependwa. Kicheko kikapanda. Mama akageuza shingo. Akamtazama mjukuu wake, akatazama kule, akamtazama tena.

Kisha akainuka, akakishika kigoda mguu mmoja, akavuka.

Mwanangu alimwona. Akanyanyua uso, akavuta pumzi, akaanza kupiga kasia kwa nguvu na kuimba.