Waya Juu ya Makaburi: Kutoka Trieste hadi Miren

Nilianza safari yangu Trieste, mji wa Italia ulio karibu na mpaka wa Slovenia, kwenye ngome ya San Giusto iliyoko kilimani juu ya bandari. Tarehe 1 Mei 1945 jeshi la Tito, kiongozi wa Yugoslavia, liliingia mjini, lakini Wajerumani waliojifungia ngomeni humo walikataa kujisalimisha kwa Wayugoslavia, wakangoja hadi kesho yake walipofika askari wa New Zealand. Mji mmoja ukawa na washindi wawili, na kila mmoja akaamini kuwa ndiye aliyeukomboa. Wayugoslavia waliutawala kwa siku 40, na miongoni mwa waliokamatwa wakati huo wapo ambao hawakuonekana tena. Lakini pia, miaka mingi kabla ya hapo, mafashisti wa Italia walikwisha kuichoma Narodni dom, nyumba ya utamaduni ya Waslovenia wa mji huo, tarehe 13 Julai 1920. Kwangu mimi, kuisimulia habari moja na kuinyamazia nyingine ni dhuluma.

Majeshi ya Tito yalipoondoka Juni 1945, uliwekwa mstari wa kuyatenganisha na ya Waingereza na Wamarekani. Mkataba wa amani uliotiwa saini Paris tarehe 10 Februari 1947 ukaunda Eneo Huru la Trieste: Kanda A, yenye mji wenyewe, chini ya Waingereza na Wamarekani, Kanda B chini ya Wayugoslavia, hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa litakapomteua gavana. Gavana huyo hakupatikana kamwe, kwa kuwa mataifa makubwa hayakukubaliana juu ya jina hata moja, na utawala wa kijeshi uliosemwa kuwa wa muda ukaendelea hadi Oktoba 1954, Italia ilipokabidhiwa Kanda A. Suala lenyewe lilimalizwa kisheria kwa mkataba wa Osimo wa mwaka 1975 kati ya Italia na Yugoslavia. Mtoto aliyezaliwa vita vilipokwisha alikuwa na umri wa miaka 30.

Kutoka hapo nilipanda treni hadi Gorizia. Mji huu haukuwa ndani ya Eneo Huru, ila ulikatwa na mkataba uleule: wenyewe ulibaki Italia, huku stesheni yake ya kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 1906, ikaenda Yugoslavia, na kando yake ukajengwa mji mpya, Nova Gorica. Mpaka ulipita katikati ya uwanja ulio mbele ya stesheni. Uzio uliokuwapo uling'olewa mwaka 2004, na leo pamewekwa bamba la duara chini, ambapo nilisimama mguu mmoja Italia na mwingine Slovenia, nchi iliyokuwa sehemu ya Yugoslavia, bila kuulizwa na mtu.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa Miren, kijiji kilicho kusini kidogo mwa Nova Gorica. Mwaka 1947 mpaka ulipitishwa ndani ya uwanja wa makaburi wa kijiji hiki, na hata baadhi ya makaburi yenyewe yakagawanywa, sehemu moja huku na sehemu nyingine kule. Kwa miaka 28, hadi mkataba wa Osimo, maiti walizikwa kando ya waya wa seng'enge mbele ya macho ya walinzi.

Nilimkuta bibi mmoja akifuta vumbi kwenye jiwe la kaburi kwa kitambaa kilicholowa. Nilipomwamkia na kumwuliza waya ulipita wapi, hakujibu kwa maneno. Alinyoosha mkono na kuupitisha taratibu juu ya safu ya makaburi, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kama mtu anayechora mstari hewani. Kisha akaniambia kwamba utotoni alimwona mama yake akimrushia dada yake maua juu ya waya, ili ayaweke kwenye kaburi la baba yao, ambalo mama mwenyewe hakuruhusiwa kulifikia. Aliposema hivyo alikunja kitambaa, akachukua ndoo, akavuka pale alipokuwa amenionyesha, akaenda kuteka maji upande wa pili.