Baba Ndiye Aliyejibu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nimeombwa jambo ambalo limenikosesha usingizi na hata kuniwekea ugumu katika maombi. Mzazi mmoja mcha Mungu, ambaye hakosi ibada, alikuja kuniomba nimtafutie binti yake wa miaka 13 nyumba ya kufanyia kazi mjini, kwa kuwa mavuno yamekuwa haba, deni la dukani limekua, na wadogo wa huyo binti wanahitaji kula. Alinihakikishia kwamba mtoto mwenyewe amekubali. Mtoto alikuwapo, amesimama nyuma yake huku akikunjakunja pindo la kitenge, wala hakusema neno.

Somo letu la sasa ni Matendo 8, habari za yule towashi wa Kushi aliyekuwa akisoma chuo, yaani kitabu, cha nabii Isaya garini mwake. Katika kujiandaa nilisoma historia ya matowashi wa Uchina, maana huko desturi ya kuwahasi wanaume kwa ajili ya utumishi wa kasri ilidumu zaidi ya miaka 2,000. Wengine walihasiwa kwa adhabu, kama Sima Qian, mwandishi wa historia wa nasaba ya Han, ambaye kosa lake lilikuwa kumtetea jemadari aliyejisalimisha kwa adui, na ambaye alikubali aibu hiyo badala ya kifo ili akamilishe kitabu alichoachiwa na baba yake. Wengine walikuwa mateka. Zheng He, ambaye merikebu zake zilifika Mogadishu na Malindi mwanzoni mwa karne ya 15, alitekwa Yunnan, kusini-magharibi mwa Uchina, akiwa mtoto, akahasiwa na jeshi lililoiteka nchi yao. Na sisi tunaopenda kusimulia habari za twiga wa Malindi aliyefikishwa Uchina mwaka 1415 ni nadra kulitaja jambo hilo.

Hata hivyo walionishika moyo si mateka wala wafungwa, bali wale waliopelekwa na wazazi wao. Watawala wa nasaba ya Ming walipiga marufuku zaidi ya mara moja watu kujihasi au kuhasi watoto wao kwa hiari, lakini njaa haisomi matangazo ya serikali, na familia maskini ziliendelea kuona kasri kuwa mlango pekee wa kupata riziki. Stent, Mwingereza aliyechapisha mwaka 1877 habari za matowashi wa Beijing, aliwaeleza mafundi wa kazi hiyo waliokaa nje kidogo ya lango la kasri na kutoza tael 6 za fedha (tael ni kipimo cha uzito cha Kichina) kwa kila mtu. Kabla ya kisu kushuka, fundi aliuliza kwa mara ya mwisho kama kuna majuto. Mtu mzima alijijibia mwenyewe, na akionyesha shaka aliachwa. Lakini kama aliyelala pale ni mtoto, waliulizwa wazazi wake. Baada ya hapo mtoto alinyimwa maji kwa siku tatu. Kizibo alichotiwa katika njia ya mkojo kilipotolewa na mkojo ukatoka, alihesabiwa kuwa amepona. Usipotoka, hakuna aliyeweza kumsaidia tena.

Sun Yaoting, ambaye hujulikana kama towashi wa mwisho wa Uchina, hakufikishwa hata kwa fundi. Alizaliwa mwaka 1902 karibu na Tianjin katika nyumba ya ufukara, na baba yake, aliyekuwa amesikia jinsi matowashi wanavyorudi vijijini na mali, alimhasi yeye mwenyewe kwa wembe, juu ya kitanda cha nyumbani, bila dawa ya ganzi, mtoto akiwa na miaka 8 hivi. Alizimia kwa siku kadhaa, akalala kitandani kwa majuma mengi. Kisha, mwaka 1912, habari zikawafikia kwamba mfalme ameondolewa na utawala wa kifalme umekoma. Baba alilia na kujipigapiga kifua. Mimi naamini machozi yale yalikuwa ya kweli, maana sidhani kwamba mtu yule alimchukia mwanawe. Alimpenda, alikuwa na njaa, na alikuwa na hakika kwamba anamfungulia njia. Sun aliingia kasrini baadaye, akatumikia masalia ya ule ufalme hadi walipofukuzwa mwaka 1924, akaishi hadi mwaka 1996.

Ndugu zangu, hapa nitasema bila kuwabembeleza. Tunaposikia habari hizi tunatikisa vichwa na kuwaita wale watu washenzi, ilhali katika nyumba zetu zenye kalenda ya kanisa ukutani mtoto anajibiwa na mzazi wake kila mwaka. Amekubali kuacha shule. Amekubali kuolewa na mzee mwenye mashine ya kusaga. Amekubali kwenda kulala jikoni kwa watu asiowajua, na mshahara wake utumwe kwa simu ya baba. Nani alimuuliza, wapi, na angesema hapana akalale kwa nani? Sikatai kwamba njaa ni ya kweli. Nakataa kwamba njaa ya nyumba nzima ilipwe kwa mwili wa mmoja ambaye hana sauti barazani, kisha tuje madhabahuni kuiita njia aliyoifungua Bwana. Yule mzazi nilimkatalia, nikakaa naye mpaka jioni tukipiga hesabu ya deni lake, na lilikuwa dogo kuliko sadaka tuliyochanga mwezi uliopita kwa ajili ya spika mpya.

Na wewe uliyejibiwa ukiwa mtoto, ambaye leo ni mtu mzima na bado unabeba kilichokatwa, neno lako liko katika Isaya 56. Torati ilikuwa imemzuia towashi asiingie katika mkutano wa Bwana, lakini nabii anamkataza asijiite mti mkavu, na Mungu anamwahidi ndani ya kuta zake jina la milele, jema kuliko kuwa na wana na binti. Ahadi hiyo iliwafikia hata wa kasri la Uchina: mwaka 1650, nasaba ya Ming ikiwa inakimbia kusini, towashi Pang Tianshou, aliyebatizwa kwa jina la Achilleus, alimwandikia Papa barua akiomba maombi na msaada kwa ajili ya taifa lake. Mwenzake wa Matendo 8 aliuliza kwa kinywa chake mwenyewe ni nini kinachomzuia asibatizwe, na Filipo, mhubiri aliyemweleza maandiko, hakumtafuta mtu wa kumjibia.

Mashemasi naomba tukutane Jumapili baada ya ibada ya kwanza. Kila mmoja aje na majina ya kaya za mtaa wake ambazo mtoto ameacha shule au yuko mbioni kupelekwa mjini, pamoja na kiasi cha deni kinachoibana kaya hiyo. Majina hayo yasisomwe mbele ya watu. Fedha za spika bado hazijatumika, na nitapendekeza tuanze nazo.