Kumpima Kuhe kwa Picha ya Simu

Picha nyingi za samaki hupigwa na rula pembeni, na bado zinatoa urefu usio wa kweli. Rula ni nzima na namba zimesomwa sawasawa. Tatizo ni kwamba rula imelazwa mezani, na samaki ana unene.

Kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa. Chukua kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika, wa sentimita 50, katoka majini asubuhi mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kalazwa ubavu. Ncha ya mdomo wake haigusi meza. Iko juu yake kwa nusu ya unene wa mwili, tuseme sentimita 4. Simu ikiwa sentimita 60 juu ya meza, rula iko umbali wa 60 lakini samaki yuko 56. Gawanya 60 kwa 56: unapata 1.07, na picha itakusomea sentimita 53 na nusu. Kwa muuzaji anayejisifia, sawa. Kwa anayeweka rekodi za samaki wa Tanganyika, takwimu zimeharibika.

Basi inua rula. Iweke juu ya vibao hadi iwe usawa mmoja na ncha ya mdomo. Mkia nao hulegea ukalala mezani, kwa hiyo utegemeze kwa kipande cha sifongo, la sivyo ncha moja iko juu na nyingine chini. Kisha sogeza simu mbali. Kwenye sentimita 150, hata ukisahau kuinua rula, kosa linashuka hadi asilimia 2.7. Kuza mara mbili ili samaki ajae kwenye picha, ila abaki katikati, kwa sababu lenzi hupinda mistari pembeni. Ile lenzi pana ya 0.5 usiiguse kabisa.

Picha imeshapigwa na rula ilikuwa mezani? Ukiujua umbali wa simu na unene wa samaki, zidisha jibu kwa umbali wa samaki (hapa 56), gawanya kwa umbali wa rula (60). Hiyo 53.5 inarudi 50, pungufu kidogo tu.

Simu iliyoinama ni ugonjwa mwingine, na huu ni mbaya zaidi: upande wa karibu unakuzwa, wa mbali unasinyaa, wala hakuna namba moja ya kuzidishia itakayoponya pande zote mbili. Baadhi ya simu, ukiwasha gridi au kipimo cha usawa (Level) kwenye kamera na kuzielekeza chini, huonyesha alama mbili za kujumlisha; zikilaliana, piga. Kwa uhakika zaidi, laza karatasi ya A4 chini ya samaki, pembe zote nne zionekane. Pande zinazotazamana zisipolingana kwa pikseli (vitone vinavyounda picha), rudia picha.

Bila rula, kadi ya benki inafaa: milimita 85.60 kwa 53.98, benki yoyote ile. Funika namba zake. Udhaifu wake ni ufupi. Kwenye picha ndogo yenye pikseli 40 kwa sentimita, kadi ina pikseli 342 hivi. Ukikosea 5 tu, kuhe wako anaongezeka au kupungua milimita 7.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Fungua picha kwenye ImageJ, programu ya bure, chora mstari juu ya rula kutoka 0 hadi 30 (usitumie sentimita moja tu), ingiza urefu huo kwenye Set Scale, kisha chora mwingine kwenye samaki. Andika kama umeishia kwenye shina la mkia au kwenye ncha yake. Urefu usiotaja mwisho wake haulinganishwi na mwingine.

Dagaa hawana usumbufu huu wote. Wa unene wa sentimita moja, rula ikiwa mezani na simu ikiwa sentimita 60, kosa halifiki asilimia moja. Kinachowasumbua ni mng'ao: juu ya sahani nyeupe, ncha ya mkia haionekani ilipoishia. Walaze kwenye kitambaa cheusi kisichong'aa, kivulini.