Gombo la Pili la Baruku

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa na swali ambalo vijana wetu wanarudi nalo kutoka vyuoni. Wamefundishwa kwamba vitabu vya Agano la Kale vilipita mikono mingi, vikaongezwa na kupangwa upya. Wanauliza: je, bado ni Neno la Mungu? Wengi wao tunawajibu kwa kuwakemea. Leo tufungue Yeremia 36, kwa maana hapo Biblia yenyewe inatuonyesha kitabu kikiandikwa.

Ni mwaka wa 4 wa Yehoyakimu, mfalme wa Yuda, yaani 605 KK. Yeremia amekwisha kuhubiri miaka 23 (25:3). Anatamka, na Baruku mwana wa Neria anaandika kwa wino. Mwaka uliofuata, mwezi wa 9, wakati wa baridi, gombo linasomwa mara 3 siku moja: hekaluni, kwa wakuu, kisha kwa mfalme. Jaribuni kusoma sura 52 kwa sauti mara tatu kabla jua halijazama! Ndiyo maana wataalamu husema gombo lile lilikuwa fupi kuliko kitabu tulicho nacho. Mfalme akalikata kwa kisu kila zilipokwisha kusomwa safu tatu nne, akalitupa motoni. Mstari wa 32 unasema Baruku akaandika tena yote, na maneno mengi ya namna ile yakaongezwa.

Na kitabu kikaendelea kukua. Mwisho wa 51:64 tunaambiwa maneno ya Yeremia yameishia hapo, na bado sura ya 52 inafuata. Iwekeni kando ya 2 Wafalme 24:18 hadi 25:30, kidole huku na kidole huku. Sehemu kubwa inafanana karibu neno kwa neno. Habari ya Gedalia, liwali aliyewekwa na Wababeli, haimo, maana imekwisha kusimuliwa katika sura ya 40 na 41, na mahali pake pana hesabu ya mateka: 3,023, kisha 832, kisha 745, jumla 4,600. Tafsiri ya kale ya Kigiriki, Septuaginta, haina hesabu hiyo. Yeremia ya Kigiriki ni fupi kwa takriban sehemu moja ya saba, na unabii juu ya mataifa, ambao kwetu ni sura ya 46 hadi 51, umewekwa katikati, baada ya 25:13.

Ilikuwa rahisi kusema kwamba mfasiri alipunguza. Lakini pango la 4 la Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, lililogunduliwa mwaka 1952, lilitoa vipande vya Kiebrania vya matoleo yote mawili, refu na fupi. Kipande kimoja cha sura ya 10 hakina mistari ya 6 hadi 8 wala wa 10, sawasawa na Kigiriki. Wataalamu wengi sasa huona toleo fupi lilitangulia. Hata hivyo kila pengo hupimwa peke yake. Katika 39:4-13, ambayo Kigiriki haina, mstari wa 3 na wa 13 yote inaishia kwa maneno yanayofanana juu ya wakuu wa mfalme wa Babeli. Huenda jicho la mnakili liliruka tu.

Enyi wachungaji na walimu wa Shule ya Jumapili, nisikilizeni kwa upendo. Yehoyakimu hakujibu neno hata moja la gombo lile. Alishika kisu. Gemaria mwana wa Shafani, mmoja wa wakuu, alimsihi asilichome (36:25), mfalme asisikie. Mwaka 1982, katika Mji wa Daudi huko Yerusalemu, wachimbaji wa mwanaakiolojia Yigal Shiloh walipata mihuri 51 ya udongo, mmoja ukiwa na jina la Gemaria mwana wa Shafani. Moto wa Wababeli uliteketeza hati zilizofungwa kwa mihuri ile, ukaoka udongo, nao udongo ukadumu. Hilo lihubirini bila hofu, kwa kuwa muhuri huo ulichimbwa mahali panapojulikana. Muhuri wa Baruku unaosambazwa kwa picha ulitoka sokoni kwa wauza mambo ya kale, na wataalamu walioupima wameuona wa bandia. Msiutumie madhabahuni, hata kama unawafurahisha watu. Kijana akiuliza swali, keti naye, Biblia mbili mezani, muanzie sura ya 52.

Nawe kijana uliyejifunza haya juzi ukaanza kuwacheka wazee, soma sura ya 45. Ni mistari mitano tu, neno la Bwana kwa mwandishi aliyechoka kwa kuugua asipate raha. Katika mpangilio wa Kigiriki sura hiyo inakuja karibu na mwisho kabisa, kabla ya 52 tu, na wapo wanaoiona kama sahihi ya Baruku mwenyewe. Anaulizwa kama anajitafutia mambo makuu, anaambiwa asiyatafute. Anaahidiwa uhai wake, popote atakapokwenda. Hakuahidiwa zaidi ya huo, na gombo la pili aliliandika.