Mwezi kumi na tano, saa nne na nusu: ninavyofuatilia mikoko ya Mikindani kwa setilaiti

Kikundi chetu cha mikoko kiligombana muda mrefu kwa sababu ya kipande kimoja cha milana (mlilana ni aina ya mkoko) kilichokuwa kikikauka pembeni mwa hori ya Tudor, upande huu wetu wa Mikindani, Mombasa. Wazee walisema ni wadudu wanaotoboa matawi. Akina mama wakasema ni maji taka, na harufu ya pale haimfichi mtu. Vijana walikuwa na jibu jepesi zaidi: wakata boriti. Majina mawili yalishaanza kutajwa, na mambo yakifika kwenye majina huku mitaani huharibika upesi. Mimi, kwa vile ndiye mwenye laptopu, nikapewa kazi ya kuleta ushahidi wa setilaiti, kana kwamba huko juu kuna karani ameketi na daftari la mahudhurio.

Karani hayuko, lakini picha zipo, na ni bure. Umoja wa Ulaya una mpango uitwao Copernicus, ambao setilaiti zake za Sentinel-2 zimetengenezwa kwa kazi hasa kama hii. Ya kwanza ilirushwa Juni 2015, ya pili Machi 2017, na tangu zilipokuwa mbili kila kipande cha pwani yetu hupigwa picha mara moja katika siku tano. Kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10 ardhini. Huoni mti mmoja mmoja, lakini kipande cha ukubwa wa uwanja wa mpira unakiona vizuri sana.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kutopakua. Picha nzima inafunika eneo la kilomita zaidi ya mia kila upande na ina uzito wa karibu gigabaiti moja. Bando la mtu wa kawaida linaisha kabla hujaiona Mikindani. Copernicus wana tovuti yao ya kuangalia picha, Copernicus Browser. Unajisajili kwa baruapepe, unachagua tarehe, unachora mipaka ya eneo lako, na hesabu inafanyika hukohuko kwenye kompyuta zao. Wewe unaletewa jibu tu. Chagua picha za daraja la L2A, ambazo zimeshaondolewa ukungu wa hewa.

Jibu lenyewe ni fahirisi ya mimea, NDVI. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga mwingine usioonekana kwa macho, uitwao infraredi ya karibu. Setilaiti inaona mianga yote miwili. Unatoa mwekundu kwenye infraredi, unagawanya kwa jumla ya yote mawili, unapata namba iliyo kati ya hasi moja na moja. Msitu mnene wa mikoko unapanda juu ya 0.7, tope tupu liko karibu na sifuri, maji hushuka chini ya sifuri. Jani likianza kuugua, namba huteremka, na mara nyingi huteremka kabla jicho la mtu aliye kwenye mtumbwi halijaona manjano.

Kuhusu mawingu nitasema moja tu. Ile asilimia ya mawingu iliyoandikwa kwenye kila picha ni ya picha nzima, pamoja na vilima vya Kwale na bahari kuu. Picha iliyoandikwa asilimia 60 inaweza kuwa nyeupe sehemu kubwa na hori ya Tudor iko wazi katikati. Ukichuja kwa ukali utajinyima picha nzuri, hasa wakati wa kusi. Mimi huzifungua zote nikatazama mwenyewe.

Shida iliyonisumbua kweli haikuwa mawingu. Nilipochora mstari wa namba za kile kipande, ulipanda na kushuka kama kwamba milana inakufa wiki hii na kufufuka wiki ijayo. Picha mbili zilizopishana siku kumi zilitofautiana kuliko picha mbili zilizopishana mwaka. Msitu haufanyi hivyo. Nikajua kuna kitu kingine ndani ya picha, na nikaenda kwa mjomba wangu, ambaye amevua hori hii tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Haya, hizo picha zako zasemaje?"

Nikamwekea zile mbili. Akavaa miwani, akaitazama ya kwanza.

"Hii ya lini?"

Nikamtajia tarehe.

"Sikuulizi ya kizungu. Mwezi ulikuwa ngapi?"

Nikafungua kalenda ya msikiti kwenye simu. Mwezi sita, yaani siku ya sita tangu mwezi kuandama.

"Na hii nyengine?"

Mwezi kumi na sita.

"Hupigwa saa ngapi?"

Baina ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi, daima. Setilaiti hizi zimepangwa zipite kila mahali kwa saa ileile ya jua, ili vivuli na mwanga visibadilikebadilike. Mjomba akacheka.

"Basi si miti iliyobadilika. Mwezi sita maji mafu, saa nne asubuhi yamejaa, yako chini ya milana. Mwezi kumi na sita ni bamvua, saa hiyo maji yako mbioni kupwa, tope lote liko nje. Wewe umepiga picha maji, ukasema umepiga picha miti."

Hapo ndipo kazi yote ilipokaa sawa. Mvuvi yeyote wa Mombasa anajua kwamba bamvua, yale maji makubwa, la mwezi mpya na la mwezi mpevu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne. Maji mafu, yale madogo ya katikati, yanapofika, saa hugeuka: ile saa nne ya kupwa inakuwa saa ya kujaa. Setilaiti ina saa moja tu isiyobadilika, kwa hiyo kiwango cha maji katika picha kinategemea zaidi umri wa mwezi. Maji hunyonya infraredi karibu yote. Yakiwa chini ya miti yenye majani machache, namba inashuka hata kama hakuna jani lililoanguka.

Tangu siku hiyo sichagui picha kwa tarehe ya Januari na Februari. Huchagua za mwezi kumi na nne hadi kumi na sita, na za mwezi ishirini na tisa hadi mwezi pili, kwa kalenda ya Kiislamu. Yeyote aliye na kalenda ya kufuata Ramadhani ana jedwali la maji mkononi. Kisha nikagundua jambo lililonipendeza zaidi: kutoka bamvua moja hadi jingine ni siku kumi na nne na robo tatu hivi, na mapito matatu ya setilaiti ni siku kumi na tano. Kwa hiyo katika kila picha tatu, moja huja na maji yaleyale karibu kabisa. Mpangilio huo husogea kidogokidogo, na baada ya miezi kadhaa inabidi uhamie picha ya jirani, lakini ukishauona haukupotei tena.

Lina upande wake mchungu. Yale maji makubwa ya bamvua yanayopanda hadi kwenye michu, mikoko ya sehemu ya juu karibu na nyumba za watu, huja saa kumi. Sentinel-2 haiyaoni kamwe. Mtu aliyeko mbali akitegemea picha hizi tu ataamini kwamba sehemu ya juu ya mikoko yetu haifikiwi na bahari. Kwa hilo kuna Sentinel-1, ya rada, ambayo mizunguko yake ni ya karibu na macheo na machweo, na rada haijali mawingu wala giza. Picha zake ni ngumu kuzoea. Bado nazisoma kwa tabu.

Nilifanya jambo la pili ambalo ningemshauri kila mtu alifanye. Pembeni mwa kipande kinachokauka kuna milana mingine iliyo katika usawa uleule wa maji na haina tatizo. Nikachora kipande hicho nacho, na badala ya kutazama namba ya mgonjwa peke yake nikawa natazama tofauti kati ya mgonjwa na jirani yake. Ukungu, maji, pembe ya jua, vyote huwapata wawili kwa pamoja, kwa hiyo hujifuta. Kinachobaki ni ugonjwa.

Mstari mpya ulinyooka. Tangu 2017 vipande viwili vilikwenda sambamba, msimu hadi msimu. Vikaachana mwishoni mwa 2023, baada ya zile mvua za Novemba zilizoifurikisha Mombasa, na mgonjwa hakurudi tena. Halafu nikatazama picha za rangi za kawaida: kuna mfereji wa maji ya mvua unaoteremka kutoka juu, na kwenye mdomo wake kulikuwa na doa la kahawia lenye umbo la upepeo ambalo kabla ya mvua hizo halikuwepo. Kukauka kulianzia pale, kukapanuka kwenda majini.

Tulikwenda kutazama kwa mtumbwi, mjomba, mimi na vijana wawili wa kikundi. Simu ya mkononi hukosea mita kadhaa, kwa hiyo nilisimama katikati ya kipande, si kwenye ukingo, ili niwe na hakika niko ndani ya nukta ninazozisema. Mlilana hupumua kwa mizizi inayosimama juu ya tope. Pale kwenye kipande cha jirani mizizi ilikuwa imesimama hadi juu ya kifundo cha mguu. Pale mdomoni mwa mfereji hatukuona hata ncha. Kijana mmoja akafukua kwa mkono, kiwiko kikazama kabla hajaigusa. Udongo mwekundu, si tope letu la hori.

Mjomba alisema aliyaona haya Mwache baada ya El Niño. Ni kweli, mvua za 1997 na 1998 zilibeba udongo mwingi hadi kwenye hori ya Mwache, upande wa Port Reitz, na mikoko mingi ikafa kwa kufunikwa mizizi. Watafiti wameliandika jambo hilo. Nyuma hadi miaka hiyo Sentinel haifiki. Landsat ya Marekani inafika, picha zake zimekuwa bure tangu 2008, ila nukta yake ni mita 30 na za pwani yetu za miaka ile ni chache. Setilaiti ya kwanza yenye jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka baharini hapa Malindi tarehe 12 Desemba 1970, lakini ilikwenda kutazama nyota. Tungekuwa na picha za hori za miaka hiyo, wallahi tungesema mengi.

Sasa, wale wawili waliotajwa majina. Nilijihadhari kwenye kikao. Picha hizi haziwezi kumtoa mtu lawamani kwa ujumla, kwa sababu mkata fito na mapau huchagua mti hapa na mti pale, na majani ya jirani huziba pengo kabla setilaiti haijapita. Nukta ya mita 10 haioni hilo. Nilichoweza kusema ni kwamba kipande hiki hakikufa kwa panga. Maji taka nayo hayaonekani. Unaweza kuona maji yamebadilika rangi baada ya mvua, huwezi kuona kipindupindu. Kwa hayo tunategemea sampuli za chupa na maabara. Na miche tuliyoipanda wenyewe haitaonekana vizuri kwa miaka kadhaa, hadi majani yake yafunike tope. Mfadhili mmoja alitaka nimtumie picha ya setilaiti ya miche ya miezi sita. Nilimtumia ya simu.

Karatasi tatu zilitosha kwa baraza la chifu: picha ya kabla, picha ya baada, na ule mstari wa tofauti, tarehe zikiwa kwa kalenda zote mbili. Wazee walishika mstari upesi nilipowaambia picha zote ni za maji ya bamvua yakiwa yamepwa. Bila hivyo wangeniuliza swali la mjomba. Udongo ulikuwa ukitoka kwenye mjengo mmoja huko mlimani, ambao mwanzoni ulikana. Baada ya ofisi husika kuja kuona, walichimba shimo la kutega udongo na kupanga magunia ya mchanga kwenye mfereji.

Mstari umeacha kushuka. Haujapanda. Kwenye ukingo wa nje kuna milana michache inayochipua upya, na katikati ni miti mikavu iliyosimama. Kikundi sasa kinabishana kama tupande papo hapo au tuusubiri udongo ushuke. Vijana wanataka kupanda kabla ya vuli. Mjomba anasema pale sasa ni pa juu mno kwa mlilana na atakayepanda apande mchu. Mimi nimeomba tupime kwanza kimo cha tope kwa vijiti kwa msimu mmoja, na wengi hawajaipenda rai hiyo.