Mguu wa mbele, wa kushoto

Jana mafundi walimwaga zege barazani, usiku paka akalipitia kabla halijakauka. Asubuhi mwanangu alichuchumaa akahesabu vidole: vinne. Nikamwonyesha kwamba kucha hazionekani, maana paka hutembea amezificha. Akaniuliza, "Mama, alikuwa anakwenda wapi?"

Swali hilo hilo nilimuuliza mzee aliyekuwa akinifundisha kusoma nyayo kule hifadhi ya Ruaha, kiangazi kile. Mto Mwagusi ulibaki mchanga mtupu, na maji yalikuwa chini, kwenye visima walivyochimba tembo wenyewe. Kando ya kisima kimoja mzee alipiga goti. Unyayo wa mbele wa tembo ni duara, wa nyuma umerefuka kama yai. Hilo nilikwisha kulijua. Akalizungushia duara kamba yake, nikaipima: mita 1.5.

"Mara mbili ya hapo, ndicho kimo chake begani, au karibu. Dume hili, binti. Sasa tazama kushoto."

Wa kulia ulikuwa umechapa vizuri, hata nyufa za wayo zilisomeka, na kila tembo ana nyufa zake. Wa kushoto ulikuwa hafifu. Kisigino hakikugusa chini kabisa, na mbele ya vidole palikuwa na mfereji mwembamba wa kuburuta. Hatua ya pili, mfereji. Ya tatu, mfereji. Mguu wa nyuma, ambao kwa kawaida hukanyaga pale pale au karibu na pale ulipotoka wa mbele, ulikuwa unaishia mbali nyuma. Nikatia vidole vyangu mle ndani. Mchanga ulikuwa bado una unyevu.

"Labda mtego wa waya," mzee alisema taratibu.

Kisha akanionyesha nilichokuwa nimekiruka. Juu ya unyayo ule, si chini yake, kulikuwa na nyayo nyingine zenye vidole vinne na kucha zimechoma mchanga, za mbele kubwa kuliko za nyuma. Simba angezificha kucha. Fisi hawezi. Tulihesabu watatu, wote wanafuata mfereji.

Tukafuata na sisi. Kinyesi tulichokikuta njiani kilikuwa na joto ndani. Halafu yakaja majabali, na alama zikaisha. Mzee aliita kwa redio. Wenzake walitafuta siku mbili, hawakumpata.

"Alikuwa anakwenda wapi, mzee?"

"Maji ameshayaacha. Malisho yako bondeni. Huyu kapanda mlima, binti." Akaikunja kamba yake, asiongeze neno.

Nilipoanza kujifunza nyayo niliamini nitajua habari za mnyama mzima. Pengine nilijifunza nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo inayonirudia usiku.

Mwanangu alikuwa bado ananingoja. Nikamshika mkono, tukazifuata alama za paka moja moja hadi ukingo wa zege, pale nyasi zinapoanza.